Kuishi na ThinkPad T480 ya mtumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya uhasibu wa kujitegemea Dar es Salaam, na tangu mwaka 2021 kazi yangu yote imepita kwenye laptopu moja ya Lenovo, ThinkPad T480, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndugu, wateja na majirani wakitaka kununua kompyuta hunipigia simu, na maswali yao ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na majibu ninayowapa. Kama una haraka na pesa iko mfukoni tayari, anza na swali la kufuli la kampuni, kisha urudi juu.

## Mambo ya msingi

Laptopu ya kibiashara ni ipi hasa?

Ni kompyuta mpakato iliyoundwa kuuzwa kwa makampuni. ThinkPad za Lenovo (hasa za herufi T na X), Latitude za Dell na EliteBook za HP ndizo utakazokutana nazo zaidi madukani kwetu. Kampuni inayonunua mashine mia tano kwa mpigo haitafuti urembo. Inataka mashine ivumilie kubebwa kila siku, fundi wake abadilishe kibodi au diski asubuhi na mfanyakazi aendelee na kazi mchana, na vipuri viendelee kupatikana kwa miaka. Kwa sababu hiyo Lenovo hutoa mwongozo wa matengenezo wa kila ThinkPad, wenye picha za kila skrubu, na mtu yeyote anaupakua bure.

Laptopu mpya ya bei ya chini imepigiwa hesabu nyingine. Mara nyingi RAM (kumbukumbu ya kazi) imechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, na bawaba zimeshikiliwa na plastiki nyembamba inayopasuka mwaka wa pili. Mimi huwaambia watu hivi: usiulize itakuwaje siku ya kuitoa kwenye boksi, uliza itakuwaje siku itakayoharibika. Itaharibika tu, kama kila kitu chenye umeme, na hapo ndipo utajua ulinunua nini.

Mbona zinauzwa kwa wingi hivi? Si kwamba ni mbovu?

Hapana. Makampuni mengi ya Ulaya na Marekani hukodi au hununua kompyuta kwa mpango wa miaka mitatu au minne, kisha hubadilisha zote kwa mkupuo, nzima na mbovu pamoja. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, nyingi hupitia Dubai au Uingereza, na huishia Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi, na Kampala. Wakenya huziita "ex-UK". Mashine nyingi katika mzigo huo zilikaa mezani ofisini zikiwa zimechomekwa kwenye umeme, hazikuzunguka sana. Lakini mzigo ni mzigo: ndani yake mna nzima na mna zilizochoka, na anayetenganisha ni wewe.

ThinkPad ni ya IBM au ya Lenovo?

Ilianza kwa IBM mwaka 1992. Lenovo iliununua upande wa kompyuta binafsi wa IBM mwaka 2005, jina na kitufe chekundu cha katikati ya kibodi vikaenda nao.

Kwa nini T480, na si mpya zaidi au ya bei ndogo zaidi?

T480 ilitoka mwaka 2018 na imekaa mahali pazuri mno kati ya zama mbili. Upande wa nyuma yake kuna T470, ambayo prosesa zake (ubongo wa mashine) nyingi ni za kizazi cha saba cha Intel zenye viini viwili. T480 zilizo nyingi zina kizazi cha nane chenye viini vinne (i5-8250U, i5-8350U, i7-8550U au i7-8650U), na tofauti hiyo unaiona ukifungua jedwali kubwa la Excel huku kivinjari kina kurasa ishirini. Windows 11 pia, kwa prosesa za Intel, inaanzia kizazi hicho cha nane. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, jambo hilo limeacha kuwa dogo.

Upande wa mbele yake, mashine zinazidi kuwa nyembamba na mambo matatu yanapotea: betri inayochomolewa kwa mkono, nafasi mbili za RAM, na nafasi ya diski ya inchi 2.5. T480 inavyo vyote vitatu. Kwa maisha ya huku kwetu, betri ile ya kuchomoa peke yake ingetosha kunishawishi.

Bei yake ni kiasi gani?

Mwaka 2021 yangu ilinigharimu shilingi 850,000, ikiwa na i5, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Bei huenda na dola na mzigo ulioingia mwezi huo, kwa hiyo pita maduka matatu kabla ya kutaja yako. Ushauri wangu wa bei ni mmoja: usitumie pesa yote kwenye mashine. Bakiza ya betri ya nje na ya kuongeza RAM, kwa sababu hivyo viwili utavihitaji karibu kwa hakika.

## Kununua

Nikague nini nikiwa dukani?

Nenda mchana, usiwe na haraka, na uwe na flashi na simu yenye intaneti. Muuzaji asiyekuruhusu kukaa na mashine nusu saa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Anza na umbo. Igeuze, tazama skrubu za chini kama vichwa vimeliwa; hiyo ni dalili kwamba imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi ya saizi yake. Fungua kifuniko polepole kwa mkono mmoja. Bawaba nzuri hupanda kwa uzito ulio sawa, haichezi wala haigongi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi ukiwa kwenye ukurasa mtupu, kisha weka picha nyeupe tupu na nyeusi tupu kwenye skrini utafute madoa na nukta zilizokufa.

Kisha matundu. Chomeka chaja kwenye tundu la kwanza la USB-C, uone inachaji, halafu kwenye la pili. Yote mawili lazima yachaji. Jaribu HDMI kwa kuiunganisha na televisheni ya dukani. Sababu ya kulikazia hili utaiona kwenye swali la Thunderbolt hapo chini.

Halafu afya ya betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakuandikia faili. Linganisha namba mbili: uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo ilionao sasa. Betri ya ndani ya T480 ilizaliwa na Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri hubeba). Ukikuta imebaki Wh 12, mashine bado yaweza kuwa nzuri, ila bei ya betri mpya ipungue kwenye bei ya mashine. Muuzaji anayesema "betri ni nzima kabisa" bila kuifungua ripoti hiyo anabahatisha.

Mwisho, hakikisha ni T480 kweli. Kibandiko cha chini kinapaswa kuandikwa aina ya 20L5 au 20L6, na namba ya utambulisho wa mashine (serial number) ukiiingiza kwenye tovuti ya msaada ya Lenovo itakuonyesha ilivyotoka kiwandani: prosesa, skrini, hata kibodi ya lugha gani.

Kufuli la kampuni ni kitu gani, na kwa nini kila mtu analiogopa?

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mdogo wangu wa kike alinunua laptopu ya kibiashara mwaka 2022, safi, haina mkwaruzo. Alifanya nayo kazi miezi mitano. Siku moja ikawa nzito, akaamua kuirudisha Windows upya. Ilipowaka na kuunganishwa na intaneti, ikamkaribisha kwa jina la kampuni ya nje ambayo hakuwahi kuisikia na kumtaka aingize barua pepe ya kazini. Aliyemuuzia hakupokea simu tena. Mashine ilikuwa nzima kila kiungo, na hakuweza kuingia.

Kilichotokea ni hiki. Makampuni huandikisha kompyuta zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Utambulisho wa mashine yenyewe ndio unaoandikishwa, si Windows iliyomo, kwa hiyo kufuta diski au kuweka diski mpya hakusaidii. Kampuni ikisahau kuufuta usajili ilipoiuza, kufuli linabaki. Wauzaji wengine huweka Windows bila intaneti na mashine inafanya kazi vizuri, hadi siku utakapoirudisha Windows upya ukiwa mtandaoni.

Kipimo ni kimoja: mwambie muuzaji aiweke Windows upya mbele yako, na kwenye hatua ya mwanzo aiunganishe na intaneti ya simu yako. Ikikuomba akaunti yako binafsi, umepona. Ikitaja jina la kampuni, irudishe mezani na uondoke, hata kama bei imeshushwa nusu.

Kuna kufuli la pili, la nywila ya BIOS, yaani programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows. Washa mashine, na nembo ya Lenovo ikitokea bonyeza Enter kisha F1. Ukiingia bila kuulizwa nywila, na ukaweza kubadilisha kitu, ni salama. Ukiulizwa, acha. Nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad haifutiki kwa kutoa betri ndogo ya mazabodi. Mwongozo wa Lenovo wenyewe unasema mazabodi yabadilishwe. Ukiwa humo ndani angalia pia sehemu ya Security kama ufuatiliaji wa Absolute (zamani Computrace) umewashwa. Ukiwa umewashwa, muulize muuzaji karatasi za mzigo zimetoka wapi.

Kibodi ina herufi za Kijerumani au Kifaransa. Ninunue?

Kama unaandika bila kutazama vidole, nunua. Kwenye Windows utachagua mpangilio wa Kiingereza, na maandishi ya juu ya vitufe hayana kazi. Kama unatazama, utateseka: za Kijerumani zimebadilishana Y na Z, na za Kifaransa A iko mahali pa Q. Za Uingereza utazijua kwa Enter ndefu na alama ya pauni juu ya 3. Zilizouzwa Ghuba mara nyingi zina Kiarabu pembeni ya herufi za kawaida na hazina usumbufu wowote. Kibodi ya T480 hubadilishwa peke yake bila kuvua mwili mzima, kwa hiyo hili lisikukoseshe mashine nzuri.

T480 na T480s ni kitu kimoja?

Si kimoja, japo wauzaji huzichanganya. T480s ni nyembamba na nyepesi zaidi, ila betri yake yote iko ndani, na sehemu ya RAM imechomelewa, ikabaki nafasi moja ya kuongeza. Nzuri kwa msafiri. Kwa mtu anayekatikiwa umeme, chukua T480.

## Maisha ya kila siku

Betri hukaa muda gani?

T480 ina betri mbili. Ya ndani ni ya Wh 24 na haionekani. Ya nje huchomolewa kwa vishikizo viwili vya chini, na huja kwa ukubwa wa aina tatu: Wh 24 iliyolala sambamba na mwili, Wh 48, na Wh 72. Hizo kubwa mbili hutokeza chini na kuinua mashine kwa nyuma, jambo ambalo mimi nalipenda kwa sababu kibodi inainama kidogo na hewa inapita.

Nikiwa na ya Wh 72 iliyo nzima, kazi ya Excel, barua pepe na kivinjari inanipa muda wa saa nane hivi, mwanga ukiwa wa kati. Niliponunua, betri zote mbili zilikuwa ndogo na zimechoka, nikawa napata saa mbili na nusu. Ni mashine ileile. Kwa hiyo mtu akikwambia T480 inakaa saa mbili na mwingine akasema kumi, wote wawili wanasema kweli.

Uzuri wenyewe ni kwamba mashine hunywa kwanza betri ya nje na kuiacha ya ndani kama akiba. Ikikaribia kuisha unaichomoa huku mashine inawaka, unaingiza nyingine iliyojaa, na faili lako halijui kama kuna kilichotokea. Niliwahi kufunga hesabu za mwaka za SACCOS moja siku ambayo umeme ulikatika asubuhi na kurudi usiku. Wajumbe walikuwa wamekaa wananingoja nisome mizania. Nilibadilisha betri mara moja katikati ya kikao, sikuinuka hata kwenye kiti.

Niiache kwenye chaji siku nzima?

Unaweza, ukishaiwekea kikomo. Programu ya Lenovo Vantage ina sehemu ya kuamuru chaji ianze ikishuka chini ya kiwango fulani na isimame ikifika kingine. Mimi nimeweka 75 na 80 kwa siku za ofisini, na jioni ya kuamkia safari naondoa kikomo ijae. Betri ya lithiamu huchoshwa na kukaa imejaa pomoni kwenye joto, na joto la Dar mwezi wa pili halihitaji kuelezwa.

Skrini yake ikoje?

Hii ndiyo sehemu ya kuchagua kwa makini. T480 ilitoka na skrini za aina tatu za inchi 14: ya 1366×768, ya 1920×1080 ya IPS, na ya 2560×1440. Ya kwanza usiichukue kabisa kama utasoma namba siku nzima. Rangi hugeuka ukiinamisha kichwa tu, na safu za jedwali hazitoshi. Ya pili ndiyo ya kawaida, na inatosha ndani ya nyumba. Mwanga wake umetajwa kuwa niti 250, ambao barazani saa saba mchana ni mdogo. Ukiwa mtu wa kufanyia kazi nje, panga mapema kumwona fundi aweke paneli yenye mwanga zaidi. Za inchi 14 zenye kiunganishi cha pini 30 zinapatikana na kazi hiyo si ya siku nzima.

Na kibodi? Kile kitufe chekundu ni cha nini?

Kibodi ndiyo ninayoipenda kuliko kitu chochote kwenye mashine hii. Vitufe vina kina, vimebonyea katikati kidogo kama vinakingoja kidole, na baada ya miaka yote hii ni E na A tu zilizoanza kung'aa. Zenye taa ya chini huwashwa kwa Fn na mwambaa wa nafasi; umeme ukikatika usiku utaishukuru.

Kitufe chekundu husogeza kishale bila kuinua mikono kutoka kwenye herufi. Wiki ya kwanza kinachosha. Wiki ya tatu utajikuta unakitafuta kwenye kompyuta za watu wengine. Tahadhari moja: Fn iko kwenye kona, mahali ambapo mashine nyingine huweka Ctrl. Ikikukera, unazibadilishana ndani ya BIOS.

Inavumilia joto, vumbi na chumvi ya pwani?

Inavumilia ukiisaidia. Feni hunyonya hewa kwa chini, kwa hiyo usiiweke kitandani wala juu ya kitambaa cha meza. Mimi humpa fundi anipulizie vumbi na kubadilisha pesti ya prosesa (inayopitisha joto) kila baada ya mwaka mmoja na nusu. Mara ya kwanza feni ilikuwa inavuma kama inataka kuruka. Alipofungua tulikuta utando wa vumbi mzito kama kipande cha blanketi. Baada ya hapo kimya.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, matundu ndiyo huanza kuota kutu. Usiiache wazi dirishani usiku.

Spika na kamera?

Spika zinatosha kwa mkutano, si kwa muziki. Kamera ni ya 720p. Kama kazi yako ni mikutano ya video, tafuta kamera ya nje. Baadhi zina kifuniko kidogo cha kusogeza mbele ya kamera, na ni kitu kizuri.

Nimeimwagia chai!

Chomoa chaja, vuta betri ya nje, zima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Kibodi ya ThinkPad hii ina njia za kupitisha maji hadi chini, na maji matupu kiasi cha kikombe huweza kupita bila madhara. Chai ya maziwa na sukari ni habari nyingine: hata ikipita, sukari inabaki. Usiiwashe "kujaribu". Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aivue kibodi na kusafisha. Wengi hupoteza mazabodi kwa ile kuwasha ya kujaribu, si kwa chai yenyewe.

## Kuchaji na matundu

Naweza kutumia chaja ya simu au power bank?

T480 huchaji kwa USB-C, na chaja zake ni za wati 45 au 65. Chaja ya USB-C ya chapa nyingine yenye wati hizo na mfumo wa Power Delivery inafanya kazi; chaja ndogo ya simu aghalabu haitoshi. Power bank yenye USB-C ya wati 45 au zaidi nayo inachaji vizuri, na nimeitumia kwenye basi la Dodoma.

Usiipakate ikiwa imechomekwa kwa namna ambayo waya unavuta kwa pembeni. Tundu la USB-C limechomelewa kwenye mazabodi, na likilegea ni kazi ya fundi wa microscopu.

Tatizo la Thunderbolt ni lipi?

Ni jambo lililotangazwa na Lenovo yenyewe, kwa ThinkPad kadhaa za miaka ya 2017 hadi 2019, T480 ikiwemo. Programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu la USB-C, ilikuwa na kasoro, na baada ya muda tundu hilo huacha kuchaji, kuunganisha vifaa, au HDMI hukataa kutoa picha. Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ukifika nyumbani, kabla hata ya kuweka Office, fungua Lenovo Vantage, tafuta sasisho la Thunderbolt na la BIOS, uyaweke mashine ikiwa kwenye chaji. Kama umeme wako si wa uhakika, hakikisha betri imejaa kwanza.

Iliyokwisha kufa tundu hilo mara nyingine huokolewa na fundi anayeweza kuandika upya chipu yake. Usiinunue kwa matumaini hayo.

Nimehamia nchi nyingine, chaja itafaa?

Chaja yenyewe inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo kinachobadilika ni plagi tu. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Uingereza ni pini tatu bapa zilezile. Burundi, Rwanda na Kongo zaidi ni pini mbili za mviringo. Waya unaoingia kwenye chaja hutoka. Nunua waya mwingine wa umbo lilelile badala ya adapta inayocheza ukutani.

## Kuongeza na kutengeneza

Niongeze RAM au SSD kwanza?

RAM, kama ina GB 8. Nafasi ziko mbili, za DDR4, na Lenovo inataja kikomo cha GB 32. Nyingi huja na kipande kimoja, na ukiongeza cha pili hata picha kwenye skrini hupata nguvu kwa sababu grafiki za Intel zinaazima RAM hiyohiyo. Kwangu GB 16 zimetosha.

SSD hutegemea ilivyokuja. Nyingine zina diski ya SATA ya inchi 2.5, nyingine ya NVMe (aina ya haraka zaidi) kwenye kishikilizi chake. Na kama nafasi ya modemu ya simu iko tupu, inaingia SSD fupi ya 2242. Mimi nimeweka nakala za wateja humo, mbali na Windows.

Nifungue mwenyewe?

Ukiwa mtulivu, ndiyo. Kabla ya bisibisi, ingia BIOS na uchague kuzima betri ya ndani, kwa sababu ile ya nje ukiitoa bado umeme upo ndani. Kisha skrubu za chini. Hulegea bila kudondoka. Kifuniko kimeshikwa na vibano pembeni, kibanue kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu.

Betri za bei ndogo za mtaani vipi?

Niliwahi kununua moja iliyoandikwa Wh 72. Ilikuwa nyepesi mkononi kuliko ile ya zamani, na ripoti ya betri (tazama swali la ukaguzi) ikaonyesha uwezo ulioporomoka ndani ya miezi minne. Uzito hausemi uongo: pima mpya na ya zamani mkono huu na huu. Na betri ikivimba, iwe ya ndani au ya nje, dalili yake ni tachipadi kuinuka au kifuniko kuachana. Acha kuitumia siku hiyo, usiitoboe, usiitupe jalalani.

Windows au Linux?

Mimi nipo Windows kwa sababu ya programu za wateja. Linux inaipenda sana mashine hii. Ubuntu na Fedora hutambua karibu kila kitu bila kuhangaika. Mpwa wangu anaitumia hivyo chuoni.

## Hali zisizo za kawaida

Ina nafasi ya laini ya simu. Nikiweka laini itafanya kazi?

Kitundu cha laini kuwepo hakumaanishi modemu ipo. Nyingi hazina modemu, na nyingine hata nyaya za antena hazikuwekwa. Muulize muuzaji aonyeshe ikishika mtandao.

Inafaa kuhariri video au kucheza gemu?

Video fupi, ndiyo, kwa subira. Baadhi zina kadi ya NVIDIA MX150 inayosaidia kidogo, ila huongeza joto. Kwa kazi hiyo kila siku, tafuta mashine nyingine.

Nataka kuiuza. Nifanye nini ili mwenzangu asiteseke?

Hamisha mafaili yako, kisha utoke kwenye akaunti ya Microsoft na uondoe mashine kwenye orodha ya vifaa vyako. Weka Windows upya. Ingia BIOS, futa kila nywila uliyoweka, rudisha Fn na Ctrl kama ulizibadilisha. Mpe chaja na betri zote, na ile iliyochoka mwambie imechoka. Halafu mwache mnunuzi aiwashe mwenyewe mbele yako, abonyeze Enter na F1, aunganishe intaneti ya simu yake, na asubiri hadi aombwe jina lake.